Nusu Mzunguko

Saa nane za usiku, Kibokoni,
joto lanipanda shingoni bila hodi.
Kanga imeloa. Nafungua dirisha: hewa nayo imelala.

Na dada yangu Shufaa twanywa birika moja,
maziwa ya soya, asubuhi na jioni.
Yeye alala fofofo. Mimi nahesabu boriti.

Daktari Mwinyihaji alinichorea kufuli
nyuma ya karatasi ya dawa.
"Hiki kipokezi. Estrojeni ndiyo ufunguo wake,
na wako umeadimika.
Soya huleta wa kuchonga."

Nikacheka.
Marehemu mume wangu alichonga funguo Marikiti
miaka thelathini, vumbi la shaba kwenye nyusi.
Wa kuchonga naujua:
huingia, huzunguka nusu, hukwama,
na ukiwa ndani, wa asili hauna pa kuingia.

"Na Shufaa je?"

"Utumboni mwake mna vijidudu vyenye tupa.
Huupokea ufunguo, huukwangua meno,
ukatoka mwingine, uliokaa sawa zaidi.
Vyako labda havina tupa."

Kumbe miaka yote nalisha mafundi
wasio na vyombo!

Usiku huu nimeweka kiganja kitovuni.
Hodi, fundi.
Kazi ipo.