Kamba ya Mita Moja

Watu wa Barabara ya Kumi na Tatu
walinipokea kwa swali moja: mnara je?
Nikawaambia mnara uko Paris, mimi nilikwenda Hamburg.
Bi Mwanasiti akasonya: "Yote si Ulaya?"
Akaenda zake kuepua maharage.

Siku moja tu. Tulitoka Kiel asubuhi,
tiketi moja watu watano, ndipo inapokuwa nafuu.
Wiebke, mwenyeji wetu, kaishika ratiba kama nyapara:
kanisa, bandari, maghala ya matofali mekundu,
dakika arobaini za kula, garimoshi saa kumi na mbili.
Na mvua ile si mvua. Ni mtu anayekung'uta
mikono baada ya kunawa, kutwa, hachoki.

Niseme kweli? Kanisani nilisinzia.
Darajani nilipigwa picha kumi na tisa
na katika zote nimefumba macho.
Mkate wa samaki niliula nimesimama,
nikigeuza bei kuwa shilingi,
nikaacha kugeuza, maana tonge lilianza kunikaba.

Ndipo, kwenye kichochoro nyuma ya maghala,
duka la vifaa vya mabaharia likanivuta kwa pua.
Sikuwa nimeliona bado.
Harufu ya shati la kazi la baba,
ya majani yaliyokamuliwa yakabaki nyuzi,
ya Kigombe saa tisa mchana, upepo ukitoka shambani.
Kumbe mkonge, umesokotwa, umeviringishwa
kwenye gurudumu la mbao, unauzwa kwa mita.

Jussara, mtoto wa Bahia, naye akainama,
akanusa, akacheka: "Kwetu!"
Nikamwambia, kwetu.
Akashikilia, kwetu.
Tulibishana kwa Kijerumani kibovu mpaka muuzaji
akavua miwani, akatusikiliza kama redio.

Nikanunua mita moja. Yuro nne na nusu.
Jioni wenzangu walipakata vikombe na sumaku za friji,
mimi kamba,
kama mtu aliyepotelewa na mbuzi.

Baba alipoipokea hakusema ahsante.
Mkono wake wa kulia una vidole vitatu;
viwili vilichukuliwa na korona, ile mashine
iliyochana mkonge kabla jina hilo halijawa ugonjwa.
Kwa hivyo vitatu akaifumua ncha,
akatenga uzi mmoja kwa ukucha, akaunyoosha juani,
akaupitisha kati ya midomo. Mama akazima redio.

"Hii si yetu," akasema.
"Yetu ndefu. Hii ya Brazili.
Na aliyeipiga brashi alikuwa na haraka."

Halafu: "Bei gani?"
Nikamtajia nusu yake. Akapiga mluzi hata hivyo.
"Mita moja! Kwa hela hiyo
mimi ningekata matita mpaka mgongo uombe talaka."

Usiku nikamwandikia Jussara: umeshinda.
Akajibu kwa sauti, amesharudi kwao.
Hakujisifu. Aliniuliza baba yangu anaitwa nani,
nyuma yake jogoo anawika
saa ambayo kwetu majogoo wamelala.
Nikamwambia, Semboja. Akalirudia jina mara tatu
mpaka likamkaa.

Nilidhani kamba ataitundika ukutani,
chini ya kalenda, pawe na kumbukumbu.
Jumamosi nikaiona kwenye baiskeli,
imekaza gunia la mkaa kutoka Mgandini,
fundo lile la watu wa shamba
lisilofunguka kwa bahati mbaya,
na kibandiko cha bei bado kinapepea,
ile bei kamili niliyomficha.

Bi Mwanasiti akamsimamisha: "Semboja, kamba mpya?"
"Ya Hamburg," akajibu, wala hakushuka,
kama anayetaja duka la pale kona,
akakanyaga pedali.