Maoni ya Mwanamkuu Kuhusu Barabara

Andika, karani Chengo, kalamu usiilambe.
Nimekuja kutoa maoni,
na kiti nilichopewa kina mguu mbovu.

Injinia amesimama na ramani ukutani,
aigonga kwa rula: hapa njia nne, pale njia sita,
hapa daraja litapita juu ya daraja.
Gharama ameitaja. Sifuri zilipoanza kupita
mzee Tsuma, nyuma yangu, alizihesabu kwa vidole,
vikamwishia, akaazima vya jirani.

Mwauliza pesa zitoke wapi.
Shilingi kadhaa juu ya kila lita,
au kizuizi cha ushuru pale Kibarani, lori lilipe ndipo lipite,
au mkopo, wajukuu waurithi kama jina la ukoo.

Andika basi: mimi nishaanza kulipa.
Jiko langu la kachiri lanywa mafuta ya taa.
Lita ikipanda, muhogo haujui habari,
wataka moto ule ule.
Pakiti ni shilingi kumi, jana na leo.
Anayepungua ni mimi.

Na hili lipe mstari wake peke yake:
foleni ndiyo duka langu.

Miaka kumi na mmoja, Changamwe hadi Makupa,
napita kati ya matairi yanayonifika kifuani,
beseni kichwani, chupa ya pilipili kiunoni.
Dereva wa Kampala namjua kwa kikohozi chake.
Utingo wa Goma hunikopa akiingia bandarini,
hunilipa akitoka,
hajanidhulumu hata siku waliyorudi na lori tupu.
Mkiifungua njia, magari yatakwenda. Vyema.
Nani atanunua kachiri kwa mwendo wa themanini?

Usicheke, Chengo. Sijamaliza.

Siku ya Msellem wangu
walitoka naye Magongo baada ya adhuhuri.
Kaburi lilikuwa tayari Kikowani, watu wangoja.
Gari likafika Kibarani, likasimama, likakaa.
Honi mbele, honi nyuma, jua lageuka la alasiri,
na yeye katikati,
mtu ambaye hata harusi ya jirani hakuwahi kuichelewa.

Mimi sikuwapo. Nilikuwa ndani, eda imeanza.
Miezi minne na siku kumi,
kisha nikajitwika beseni, nikarudi barabarani,
na yule wa kikohozi akateremsha kioo:
"Mama, ulipotea. Kuna siku hapa tulibeba maiti.
Ndugu zake walikuwa wanne, wamechoka,
wamelishusha jeneza garini waende kwa miguu.
Tukashuka. Mimi dini yangu nyingine,
lakini bega ni bega.
Mmoja akitoka, mwingine aingia,
lori hadi lori, mpaka ng'ambo ya daraja.
Injini tuliziacha zinanguruma."

Nikamuuliza, siku gani?
Akanitajia.
Nikampa pakiti mbili, nikakataa ishirini yake,
wala sikumwambia kwa nini.

Kwa hiyo, injinia, jengeni. Sikatai.
Chukueni zenu katika mafuta yangu,
chukueni na duka, nitatafuta pengine pa kusimama.
Ila pembeni pale, ambapo ramani yako imeacha weupe,
nichoree njia ya miguu.
Upana? Sina rula.
Watu wawili, na jeneza katikati,
na nafasi ya mgeni kuingiza bega.

Usiniambie fungu halitoshi.
Sifuri zote zile, moja haiwezi kulala chini
ikawa kijia?

Jina ni Mwanamkuu binti Shee.
Sahihi sina, lete wino.
Au acha, dole gumba hili lina mafuta ya asubuhi,
ona, lishashika karatasi yako.
Usilifute, Chengo. Hilo si doa.
Hayo ni malipo.
Nipe risiti.