Chanzo

Fomu ina mstari mmoja wa nukta nukta:
CHANZO CHA ULEMAVU.
Karani kanyanyua kalamu, anangoja.
Bujiku ananyonya kola ya shati jipya,
shati la kupandia kilima cha Bugando.
Ana miaka tisa. Vifungo bado namfungia.

Mama mkwe ana chanzo: mayai.
Nilikula mawili, mimba ina miezi saba,
ya kuchemsha, stendi ya Sengerema, na kachumbari.
Yalimpanda mtoto kichwani, asema, yakagandia humo.
Shemeji ana chanzo: niliruka kamba ya mtumbwi.
Mchungaji ana chanzo, nacho kina bei.
Ndaki, baba yake, alisema maneno manne tu,
"Kwetu hawapo wa hivi,"
akaenda Geita kuchimba dhahabu,
na ile "kwetu" akaondoka nayo.

Daktari ana vyanzo vingi, anavihesabu kwa vidole:
manjano ya wiki ya kwanza,
malaria iliyopanda kichwani,
chumvi isiyo na madini joto,
damu ya ukoo, wa kwake au wa kwangu,
ubongo kukosa hewa.
Vidole vikamwishia.
"Mama, mara nyingine hata sisi hatujui."
Nilimpenda kwa hilo.

Lakini usiku ule mimi nilikuwepo.
Kome, saa nane, mvua imetoka kukatika.
Chupa ilipasuka tangu alasiri.
Nesi Veneranda ana simu mdomoni, inamulika,
mikono yote miwili tumboni pangu.
Akaitoa simu, akasema: "Huyu kakaa vibaya. Avuke."
Mtumbwi upo.
Injini ipo.
Nahodha yupo, kavaa mpaka buti.
Petroli haipo.
Mwenye petroli kalala, na ufunguo kaulalia,
mkewe dirishani: lita tano, fedha kwanza.
Fedha yangu ilikuwa dagaa,
na dagaa walikuwa wamelowa kichanjani.

Tukangoja.
Ziwa lote lile, na upepo wa bure
unapigapiga bati la zahanati,
unaingia madirishani, unazima kibatari,
na mwanangu, ndani yangu, anakosa hewa.

Kulipoanza kupambazuka akatoka mwenyewe,
rangi ya nyavu, ile buluu yake.
Veneranda akamfyonza pua kwa mdomo wake, akatema,
akampiga nyayo, akamfyonza tena.
Husema kulea mimba si kazi.
Waliosema hayo walizalia karibu na barabara.
Hakulia. Nikahesabu, sikuwa na jingine la kufanya.
Nilifika mia mbili na kumi
ndipo akatoa sauti, ndogo, kama bawaba.
Tukamwita Bujiku, yaani usiku,
kwa kuwa huko ndiko alikocheleweshwa.

"Mama?" karani ananiita. "Chanzo?"
Nawaza kumwambia: andika lita tano.
Andika ufunguo. Andika dagaa waliolowa.
Au andika mayai basi, tushuke, jua linakuwa kali.
Maana ziko siku, mtoto amelala,
mimi mwenyewe nayakumbuka mayai yale,
jinsi yalivyokuwa matamu,
na naona aibu.

Nimenyamaza mno. Anaandika: Haijulikani.
Anagonga muhuri.

Tunashuka. Bujiku anagusa kila jiwe la kilima,
kubwa, dogo, lenye mjusi, lenye nguo zilizoanikwa,
analihesabu kwa sauti:
moja.
Moja.
Moja.
Mwalimu wake alichoka kumsahihisha, mimi niliacha zamani.
Hadi tunafika chini, kivukoni Kamanga,
hakuna jiwe hata moja aliloliita la pili.