Safu ya Kazi

Mchawi mpe mwana kulea, husema watu.
Mwana huyo nilikuwa mimi.
Nililetwa Luchelele ndani ya ungo, mwaka wa nzige,
nikaachwa kati ya jiwe na jiwe
mbele ya nyumba ya wanawake watatu
wenye macho mekundu.

Yalikuwa mekundu kwa moshi wa sato.
Hilo naliweka wazi mapema.
Uchawi wao ulikaa kwingine kabisa.

Holo alijua kuyabembeleza mawe.
Usiku wa baridi aliyagonga kwa kifundo cha kidole,
nayo, makubwa kama maghala, yakajikokota
yakatukinga upepo wa ziwa,
alfajiri yakarudi mahali pake
yakakaa kama yasiyojua kitu.
Milembe alihifadhi mvua vibuyuni:
kibuyu cha vuli, kibuyu cha masika,
na kimoja kidogo, cha manyunyu,
cha kulaza vumbi uani kabla sijafagia.
Nkwimba, mdogo wao, aliongea na moto.
"Haya, mwenzangu," aliuambia,
nao ukaacha kurukaruka
ukajikunja chini ya chungu kama paka.

Ndipo akaja karani wa boma,
Aniseti, Mkerewe, kanzu kaikunja hadi magotini,
viatu mkononi, daftari kichwani,
akihesabu nyumba kwa ajili ya kodi.
Jina? Nkwimba.
Umri? Kaulize ziwa.
Kazi?
"Mchawi," alisema, akigeuza samaki.

Kalamu ikasimama hewani.
Neno lile likivuka meza ya Bwana Shauri
lingerudi na askari wawili na kamba.
Milembe akashika kibuyu cha masika.
Nyuma ya nyumba, jiwe moja likakohoa.

Karani akautazama moto uliojilaza,
akayatazama macho mekundu
kwa muda mrefu kuliko kodi inavyohitaji.
"Wino umeganda," akasema. "Nitarudi Jumanne."

Jumanne alirudi. Daftari, alisema, limelowa.
Jumanne ya pili panya walikuwa wamekula ukurasa.
Ya tatu, kalamu imepotea,
nasi tuliiona, mimi na Holo,
imechomekwa nyuma ya sikio lake,
tukanyamaza, tukammiminia uji.
Na moto wa Nkwimba, wenye adabu siku sita,
siku ya saba ulichachamaa,
ukapanda kingo za chungu kuchungulia njia.
Aliukemea, ndiyo,
kwa sauti isiyokemea kitu.

Mimi nilipewa kipande cha ukurasa ulioliwa na panya.
Haukuwa na alama ya jino hata moja.
Juu yake alinifundisha *a*, *e*, *i*,
akikosea kila Nkwimba alipopita na kuni.

Kisha boma likadai daftari.
Alikuja siku isiyo yake, usiku, Ijumaa,
kanzu imelowa hadi kifuani.
Hakutaka uji. Aliketi karibu na moto
akaandika polepole, akitusomea:
Holo, mlinda mawe.
Milembe, muuza vibuyu.
Halafu akaandika bila kusoma.

"Na mimi umeniandikaje?"
"Uongo. Mkausha samaki."
"Samaki nawakausha kweli."
"Basi ni nusu ya ukweli," alisema,
akikifunika kidau cha wino kwa uangalifu,
kama mtu anayemfunika mtoto.
"Nusu nyingine nitaitunza mimi."

Nkwimba hakujibu.
Alichukua kanzu yenye maji akaitundika juu ya jiko,
na moto, bila kuambiwa, ukapungua
usije ukaichoma.

Alfajiri mawe hayakurudi.
Yalikuwa yamejipanga njiani, bega kwa bega,
toka mwambani hadi kwenye matete,
hata mbuzi asingepenya kwenda boma.
Holo aliapa kwa tumbo la mama yake kwamba hakuyagusa.
Milembe naye akaapa, ingawa hakuna aliyemuuliza.
Nkwimba alisonga uji,
akaonja, akaongeza maji,
akateremsha bakuli la tano.