Shingo kati ya Punje

Baba hunusa mikono yangu mlangoni, Košice, saa tatu usiku,
huuliza kama chuo kikuu siku hizi chafundisha uokaji.
Nimepima unga tangu asubuhi, namjibu:
unga wa chuma, kijivu, mzito kuliko unavyoonekana,
shaba kidogo, grafiti ya kutosha kuandikia barua moja,
na nta, usije ukakwama kwenye kalibu.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
ila kibaba kikijaa nakitikisa
na unga unashuka. Bado kuna nafasi.

Anacheka. Miaka ishirini na sita amesimama mbele ya chuma kinachotiririka,
nyusi zake zimesahau kuota.
"Chuma ambacho hakijawa uji," asema, "hakijazaliwa."

Nami ningejibu nini? Kipande changu cha kwanza
kilivunjika kama biskuti.
Daktari Kolesárová aliokota mapande, akayapanga juu ya karatasi,
hakunigombeza, na hilo liliuma zaidi.
"Umeushusha mchi kwa pupa.
Hewa nayo ilitaka mlango."

Kinachotoka kwenye kalibu tunakiita kibichi.
Kina umbo lote: meno ya gia, tundu la mhimili;
asiyejua angekifunga kwenye gari akaondoka.
Kibichi.
Kishike kwa vidole viwili, kama yai la njiwa,
usikipumulie ukiwa na hasira.
Mwaka wa tatu huu niko darasani,
nina umbo lote,
mbichi naijua; mbivu naisikia kwa watu.

Kisha tanuri. Nyuzi elfu moja mia moja na ishirini,
haidrojeni ikipita, ikifuta kutu isiyoonekana.
Hapo Baba huinua kichwa kutoka kwenye supu ya kabichi:
"Kwa moto huo hakiyeyuki."

Hakiyeyuki, Baba.
Shaba pekee ndiyo huyeyuka, ikapenya kwenye nyufa kama umbea.
Chuma chenyewe hubaki punje kwa punje,
ila pale zinapogusana
atomi huhama kimyakimya, bila kuaga,
hadi kati ya hii na ile inaota shingo
(ndivyo vitabu vinavyoiita, shingo),
nyembamba mwanzoni, halafu nene,
na atakayetaka kuzitenganisha
itambidi azivunje zote mbili.

Alitafuna. Akasema supu imepoa.

Jumapili nilimwekea bushi kiganjani, ndogo kama pete ya mtoto,
kazi yangu ya tano, ya kwanza kupita kwenye mizani ya Daktari.
Akaifumbata. Alipofumbua, kiganja kiling'aa mafuta.
"Inavuja."
Haivuji. Ina matundu, maelfu, nimeyahesabu kwa hadubini mpaka macho yakagoma.
Hunywa mafuta. Ikipata joto huyatoa,
ikipoa huyarudisha ndani.
"Kwetu kiwandani," akasema polepole, "tundu ni kosa. Mtu hukatwa mshahara."
Najua, Baba.
Akaigeuza, akaichungulia mwanga wa dirisha,
kana kwamba angeyaona.

Saa nne akapanda tramu ya zamu ya usiku.
Asubuhi Mama alikuwa karoni na shati,
akisugua doa la duara kwenye mfuko,
akiuliza ni mafuta gani haya yasiyosikia sabuni.

Bushi bado hajanirudishia.