Ripoti ya Zamu

Jumatatu. Waliopo: mia mbili na kumi na mbili.
Wagonjwa wawili, malaria, wako kwa Sista Tekla,
na mmoja anayeumwa tumbo
kila hesabu zinapokaribia.
Huyo nimemwandika mzima.

Maji: tanki la jikoni limebaki shubiri mbili,
nimepima mwenyewe kwa mwanzi.
Bomba la mradi lilikohoa Ijumaa, likatema kutu, likanyamaza.
Fundi kutoka Newala mjini anasema kesho,
kwa sauti ile ile aliyoisemea jana.
Basi tunashuka bondeni saa kumi na moja alfajiri,
kidato cha tatu na cha nne,
na ukungu umeshuka hata simwoni aliye mbele yangu.
Nasikia tu Rozari ikipanda mlima na ndoo,
maana ni Oktoba, na Sista Mkuu hakubali
mwezi wa Mama Maria upite kwa kisingizio cha kiu.
Blandina Chipande anaanzisha kule mbele;
sisi wa nyuma tukiitikia fumbo la pili
wenzetu wamekwisha kufika la tatu.
Somoe Nandonde, ambaye si wa kanisa letu,
amepewa kazi ya kuhesabu ndoo.
"Kumi kumi, mwalimu," ananiambia, "kama zenu."

Jumanne. Uji ulikuwa na sukari.
Nimeuliza jikoni, hakuna aliyekiri.

Jumatano ndiyo iliyonichelewesha kuandika.
Saa nne, kipindi cha pili kikiendelea,
Mzee Dadi Nandonde aliingia getini na baiskeli,
magunia mawili ya korosho nyuma, kamba ya katani,
jasho limemchorea ramani mgongoni.
Ada ya Somoe. Mtihani wa taifa wiki mbili zijazo.
Sista Edeltruda alitoka ofisini na funguo zake zote:
"Baba, hapa ni shule. Hatufanyi kangomba."
Mzee hakubishana. Akageuza baiskeli.
Darasa zima liliacha kipeo cha pili hewani,
na Somoe peke yake akaendelea kunakili,
akibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Alirudi alasiri, baiskeli nyepesi,
na stakabadhi ya chama cha msingi imekunjwa mara nne:
kilo mia na sitini, daraja la kwanza, mnada bado.
Sista akaisoma mbele, akaisoma nyuma,
akafungua kitabu chake cha masifu
na kuilaza katikati ya zaburi za jioni.
"Haya," akasema, "tuingoje bei sote wawili."

Alhamisi. Mazoezi ya mahafali.
Ngoma ya kidato cha pili imepasuka ngozi,
wanapiga dumu la mafuta, na wala si vibaya.

Ijumaa. Mnada umefungwa.
Mlinzi alikuja na redio hadi mlango wa kanisa dogo.
Bei imeshuka.
Nilizidisha ubaoni, nikatoa makato,
nikarudia nikidhani nimekosea mimi.
Pungufu: elfu themanini na kitu.
Sista aliutazama ubao muda mrefu,
kisha akaniomba nifute, watoto wasione.

Jumamosi. Mahafali yamefanyika, mvua haikuja.
Mgeni rasmi alizungumza saa moja na robo.
Wazazi walicheza na keki ikatosha, kwa kukatwa nyembamba.
Otilia Mrope alilia aliposhika cheti,
na mama yake akamvalisha kanga juu ya joho
kama anayefunika mtoto mchanga.

Jumapili, baada ya Misa.
Stakabadhi haimo tena kwenye zaburi.
Daftari la ada, ukurasa wa N, umekwisha kugongwa muhuri.
Na bata mzinga wa masista,
yule aliyekuwa akinoneshwa kwa ajili ya Noeli,
hayupo bandani.
"Kicheche," akasema Sista Edeltruda,
bila kuniangalia, akitafuta ufunguo aliokuwa ameushika.
Nimeandika: kicheche.

Waliopo: mia mbili na kumi na mbili.
Maji: shubiri moja. Fundi anasema kesho.