Alama ya Pasi

Nimekaa barazani, Isevya,
pini mdomoni, shati la baba mapajani.
Arobaini ilipopita waligawana:
Mihayo koti, shemeji viatu,
redio ikaenda Kaliua na mtu nisiyemjua vizuri.
Shati hili la kaki likabaki kwenye kamba
siku tatu, likipepea, halina mwenyewe.
"Hilo tambaa la deki," alisema shangazi Kalunde.
Nikalianua.

Kwanza kufumua.
Wembe chini ya uzi, polepole,
maana kitambaa alichokivaa mtu wa reli
kimechoka mahali macho yasipofika.
Ukosi umekwisha, nyuzi tupu.
Kwapa zina chumvi yake.
Mfuko wa kifuani bado una umbo la daftari
alimoandika namba za mabehewa,
na chini kabisa, kwenye mshono,
chembe tatu za ugoro.
Nimepiga chafya. Nimecheka peke yangu.

Kisha mkia wa shati.
Hapo mkono ulisita.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Pasi ya mkaa, makaa yamekolea,
jogoo wa shaba juu yake akinikodolea jicho,
nikasikia honi ya treni ya Mpanda,
nikaiacha pasi pasipofaa
na kukimbilia uani kuhesabu mabehewa.
Nilirudi nikiifuata harufu.
Pembetatu ya kahawia, rangi ya asali iliyochemshwa,
ncha yake juu.
Nikakunja shati, alama ndani,
nikaisubiri fimbo
jioni ile, kesho yake, juma zima.

Baba alilivaa. Akachomekea.
Miaka tisa alichomekea,
hata Jumapili, hata lile joto la Oktoba
wenzake walipoachia mashati nje yapate upepo.
Mama akamuuliza, "Unamchomekea nani?"
"Kazi nidhamu," akajibu,
wala hakunitazama.

Alijua. Nami nilijua kwamba anajua.
Tukaishi hivyo, mimi na yeye,
kama kitambaa na bitana:
tumeshonwa pamoja, tumepeana mgongo.

Basi nimepima kwa kiganja, shibiri kwa nusu.
Bitana ni kanga ya mama,
jina lake limefutika, limesalia SIKU MOJA.
Zipu ni ya suruali ya Mihayo ya kidato cha pili,
ina meno yote isipokuwa moja.
Kitambaa kilichoungua huvunjika kama jani la kiangazi,
kwa hiyo nimekitia kiraka nyuma,
nikapiga bandi,
halafu mishono midogo, midogo zaidi,
kastabini ikisema tik
kila sindano ilipogoma.

Shangazi akapita, akainama.
"Hiyo alama igeuzie ndani, mwanangu. Aibu."

Ndani imekwishakaa.
Miaka tisa kwenye suruali ya baba,
mingine yote kwangu.

Nikakigeuza kipochi kwa mpini wa kijiko,
pembe moja, pembe ya pili
(ya tatu imekataa, imebaki butu),
na pembetatu ikatoka nje,
katikati, juani.

Asubuhi, sokoni, muuza uyoga
alinipimia mafungu mawili juu ya jani.
Nikavuta zipu. Ikakwama pale penye pengo.
Akakigusa kipochi kwa kidole chenye udongo.
"Kimeungua hiki."
"Kiliungua," nikasema. "Mimi ndiye niliyekiunguza."
Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo kwa sauti,
na nimelisema kwa mtu nisiyemjua hata jina,
kati ya uyoga na karanga.

Akahesabu chenji, akanipa,
akakitazama tena.
"Ya kuungua si kitu," akasema.
"Badilisha zipu."